Anayepigwa Ndiye Anayehojiwa

 Leo sina mgeni studio. Nina jambo ninalotaka kulisema mwenyewe, nalo ni zito, kwa hiyo kama una watoto wadogo karibu na redio, nakuomba uwatume nje kwa muda huu.

Tarehe 11 Agosti 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya wanawake katika Michezo ya Olimpiki mjini Paris, akamaliza wa 44. Miaka miwili kabla yake, kule Thailand, alikuwa ametwaa medali ya dhahabu ya dunia katika mbio za milimani, zile za kupanda na kushuka. Alikuwa na miaka 33, mama wa watoto wawili, na askari wa jeshi la Uganda. Wiki tatu baada ya Paris, Jumapili ya tarehe 1 Septemba, akiwa ametoka kanisani na watoto wake, mwanamume aliyewahi kuwa mwenzake alimmwagia petroli na kumwasha moto nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, nchini Kenya. Aliungua zaidi ya robo tatu ya mwili. Tarehe 5 Septemba alifariki katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Yule mwanamume naye aliungua kwa moto aliouwasha, akafa siku chache baadaye katika hospitali hiyohiyo, kwa hiyo hakuna hakimu aliyewahi kumwuliza neno.

Kila tunapofungua simu kuhusu ukatili wa majumbani, hakosekani msikilizaji anayeshauri kwamba dawa ni wanawake wajifunze kujihami. Wafundishwe karate shuleni, anasema, wabebe pilipili ya unga kwenye pochi, wasiwe wanyonge. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na msichana anayejua kujinasua akishikwa mkono usiku kituo cha daladala amepata kitu cha maana. Lakini leo nataka ushauri huo tuuweke mbele ya Rebecca. Ni mwanamke gani kati yetu mwenye pumzi kama yake, miguu kama yake, na mafunzo ya jeshi juu yake? Mazoezi hayashindani na galoni la petroli.

Mafunzo ya kujihami yametungwa kwa ajili ya mtu usiyemjua anayekurukia njiani. Mnayeishi naye, au mliyewahi kuishi naye, ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anajua unalala saa ngapi. Anajua mlango gani una komeo bovu, watoto wanatoka shule lini, dada yako anakaa wapi, namba ya siri ya simu yako ni ipi. Saa ya kupiga anaichagua yeye, na ataichagua ukiwa umeinama unaosha vyombo, ukiwa mjamzito, ukiwa umelala. Hakuna binadamu anayeweza kukaa amekunja ngumi miaka kumi ndani ya nyumba anamopika na kulea.

Miaka mitatu kabla ya Rebecca, Oktoba 2021, Agnes Tirop alikutwa nyumbani kwake Iten akiwa amekufa kwa kuchomwa kisu. Alikuwa na miaka 25. Mwezi mmoja tu nyuma alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilometa 10 za barabarani kwa mbio za wanawake pekee, mjini Herzogenaurach, Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde 1. Mume wake alikamatwa Mombasa, akashtakiwa kwa mauaji, akakana shtaka. Wanariadha wenzake Agnes waliunda kikundi, Tirop's Angels, cha kuwasaidia wanawake walio kwenye hali kama ile, kwa sababu walijua, hata kabla hajazikwa, kwamba si yeye peke yake.

Wanawake hawa wawili walikuwa na kitu kingine tunachowahubiria mabinti zetu kila siku. Walikuwa na fedha zao. Tunawaambia: soma, fanya kazi, tafuta chako, usimtegemee mwanamume na hutapigwa. Rebecca alinunua ardhi, akajenga. Ardhi hiyo na nyumba hiyo ndivyo yule mwanamume alivyokuwa akivigombania, na Rebecca alipokufa, taarifa nyingi ziliandika kwamba chanzo kilikuwa mgogoro wa ardhi. Hebu fikiria. Mtu ananunua mafuta, anayabeba, anasubiri mwenye nyumba arudi kutoka ibadani, kisha sisi tunaandika kwamba chanzo ni kiwanja. Hapa kwetu Tanzania kuna maneno yaliyozoeleka zaidi katika taarifa za namna hii, "wivu wa mapenzi," nayo husomwa redioni, hata hapa kwetu, kana kwamba wivu umeingia nyumbani na panga mkononi peke yake. Kiwanja hakiui. Anayeua ana jina, ana umri na ana uamuzi alioufanya.

Nije kwenye swali ambalo ninyi nyote mmelisikia na wengi wetu tumeliuliza: mbona hakuondoka?

Rebecca alikuwa ameshaachana naye. Baba yake aliwaeleza waandishi wa habari kwamba familia ilishapeleka malalamiko polisi. Alifanya yale tunayowaambia wanawake wafanye. Watafiti wa nchi nyingi wamekuta jambo hilihili: hatari ya mwanamke kuuawa huongezeka pale anapoondoka, au anapotamka kwamba ataondoka. Wengi wa hao tunaowaona wajinga kwa kubaki wanalijua hilo kwa miili yao. Wameshajaribu mara moja, wakafuatwa. Wameambiwa wazi, "Ukitoka hapa nakuua, na watoto nawaua." Wanapobaki wanakuwa wamepiga hesabu, na mara nyingi hesabu yao ni sahihi kuliko yetu tulio nje.

Tena kuondoka kwenda wapi? Tufuate safari yenyewe kama inavyokwenda katika miji na vijiji vyetu. Anakwenda kwao. Siku ya kwanza anapokelewa kwa huruma, anachemshiwa maji ya kukanda. Siku ya tatu mama anamwuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mwanangu ulimfanyia nini mwenzio?" Shangazi anaitwa, anamkumbusha kwamba kila nyumba ina yake, kwamba hata yeye alivumilia, na kwamba mahari ilishaliwa. Mshenga anapigiwa simu. Mume anakuja na kanzu safi, anakiri kidogo, anaapa sana, analipa faini ya mbuzi, wanarudi pamoja. Mara ya pili anakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye anasema hayo ni mambo ya ndani, yamalizeni. Mara ya tatu anafika kituo cha polisi. Akibahatika anapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto, anakuta askari mwenye subira, anaandikiwa fomu ya polisi ya PF3 na kwenda hospitali. Asipobahatika anaulizwa kaunta, mbele ya watu wote, alikuwa amevaa nini au alijibu nini. Na akitaka talaka, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka, isipokuwa kwa hali maalumu, apitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, akae meza moja na mtu aliyemvunja taya na kuulizwa kama hakuna namna ya kupatana.

Sisemi usuluhishi ni mbaya. Kwa mume na mke waliokosana kuhusu fedha au wakwe, wazee wetu wana hekima kubwa na wameokoa ndoa nyingi. Kwa mtu anayepigwa, usuluhishi unamweka sawa na anayempiga, na kila mmoja anaulizwa kosa lake.

Sheria hiyohiyo ya Ndoa, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila yoyote inasema vinginevyo. Imetamka hivyo tangu 1971, zaidi ya miaka 50. Na haimzungumzii mwanamke peke yake. Mume anayepigwa na mkewe, na wapo, wanaoogopa kuchekwa na watu kuliko kipigo chenyewe, kifungu hicho ni chake pia. Ila utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 uliwauliza Watanzania kama mume ana sababu ya kumpiga mke akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akiwaacha watoto bila uangalizi, au akimnyima tendo la ndoa. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja kati ya hizo. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Wanawake wamezidi. Takwimu hiyo huwa inanisumbua, kwa sababu inaonyesha kwamba yule anayehojiwa kaunta ya polisi alishajihoji mwenyewe nyumbani, na alishajikuta na hatia.

Mbele kidogo ya hapo kuna jambo ambalo hatulizungumzi kabisa. Ni siku ile anayepigwa anaporudisha.

Tumekuwa tukimwambia ajitetee. Amejitetea, mtu amekufa, na sasa yuko kizimbani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatambua haki ya kujilinda, kuanzia kifungu cha 18, na inasema nguvu itakayotumika iwe ya kiasi, ile inayohitajika kwa kujilinda huko na si zaidi. Ukizidisha na mtu akafa, ni kosa la kuua bila kukusudia. Haki hiyo inafika hadi kusababisha kifo pale unapoamini kwa nia njema, na kwa sababu za msingi, kwamba maisha yako au viungo vyako viko hatarini. Inataja pia anayekuja kubaka, anayekuja kuteka, anayevunja nyumba, mnyang'anyi.

Sikiliza vizuri orodha hiyo. Mvunja nyumba yumo. Mtu uliyempa ufunguo hayumo. Mbakaji yumo, lakini kwa sheria yetu ilivyo, mume anayemlazimisha mke wanayeishi pamoja hahesabiwi kuwa amebaka; kosa hilo linatajwa kwa wanandoa waliotengana tu. Kwa hiyo mlango ambao mwanamke mwingine yeyote angeweza kuupitia, mke aliye ndani ya ndoa anaukuta umefungwa, na kinachobaki ni kuthibitisha kwamba usiku ule mahususi, dakika ile mahususi, angeuawa au kujeruhiwa vibaya.

Nguvu za kiasi ni zipi, kati ya mtu wa kilo 50 na wa kilo 90? Akipigwa ngumi arudishe ngumi, ili iwe kiasi? Ngumi yake itamwongezea kipigo tu. Kilicho karibu jikoni ni kisu, au mwiko wa kusongea ugali, au maji yaliyochemka. Akishika kisu, kwa macho ya sheria anaweza kuhesabiwa amezidisha, kwa sababu mwenzake alikuwa na mikono mitupu. Na hiyo mikono mitupu ilishamvunja mbavu mwaka jana.

Kuna utetezi mwingine, wa kukasirishwa. Kifungu cha 201 kinasema aliyeua kwa ghadhabu iliyotokana na uchokozi wa ghafla, kabla hasira hazijapata muda wa kupoa, atahesabiwa ameua bila kukusudia. Uone umuhimu wake: kwa mauaji ya kukusudia adhabu ya Tanzania ni kifo, na jaji akishamtia mtu hatiani hana hiari nyingine, isipokuwa kwa mjamzito na aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18. Kwa kuua bila kukusudia jaji anaweza kuanzia siku chache hadi kifungo cha maisha. Kati ya makosa hayo mawili kuna uhai wa mtu. Sasa neno linaloamua ni ghafla. Anayeweza kulipuka ghafla na akabaki hai ni mwenye mwili mkubwa. Mume anayemkuta mkewe na mwanamume mwingine akamwua papo hapo kwa mikono yake, kifungu kinamtosha kabisa. Mke aliyepigwa miaka minane, akilipuka papo hapo wakati mume amesimama na mkanda mkononi, anayekufa ni yeye. Kwa hiyo anasubiri. Anasubiri mume alewe, alale, ageuke. Hasira zake hazikupoa hata siku moja, zilikuwa zinarundikana, lakini saa zile alizosubiri ndizo zinazosomwa mahakamani kuwa ni kukusudia.

Tatizo hili si la kwetu tu, na kuna mahali walilikabili uso kwa uso. Kanada, mjini Winnipeg, mwaka 1986, Angelique Lyn Lavallee, msichana wa miaka 22, alimpiga risasi ya kisogoni mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Kulikuwa na wageni nyumbani. Mwanamume alikuwa amemwambia kwamba wageni wakishaondoka atamwonyesha, na kwamba ama Lavallee amwue kwanza, ama yeye atammaliza. Bunduki alimpa mwanamume huyo mwenyewe. Alipogeuka kutoka chumbani, Lavallee akafyatua. Mtu amekupa mgongo, anaondoka, na wewe unampiga risasi: ukiisoma kesi hiyo kwa mazoea, hakuna kujilinda hapo.

Katika ushahidi zilitajwa safari zake za hospitali, pua iliyovunjika, jicho lililovimba. Daktari mmoja alieleza kwamba aliwahi kumweleza kuwa ameanguka kutoka kwenye farasi, na daktari hakumwamini. Manesi wetu wanaonisikiliza hawana farasi katika mafaili yao, lakini wanaijua hadithi hiyo: nimeteleza bafuni, nimegonga kabati, mtoto amenirushia sufuria. Wanaandika, wanashona, mgonjwa anarudi nyumbani.

Jopo la wananchi waliosikiliza kesi walimwachia Lavallee. Mahakama ya Rufaa ya jimbo la Manitoba ikafuta uamuzi huo na kuamuru kesi irudiwe. Mei 1990 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaurudisha. Aliyeandika hukumu ni Bertha Wilson, mwanamke wa kwanza kuketi kama jaji katika mahakama hiyo. Alieleza kwamba sheria ya kujilinda ilikua ikiwa na picha ya ugomvi wa baa, wanaume wawili wa kimo kimoja na nguvu moja wanaokutana mara moja, na kwamba picha hiyo haimfai mtu aliyeishi na kipigo cha mzunguko. Mtu aliyepigwa miaka mingi anasoma dalili ambazo mimi na wewe hatuzioni. Anajua kipigo cha leo si kama cha wiki iliyopita. Kumtaka asubiri mpaka silaha iwe hewani ni kumtaka afe kwanza. Kwa hiyo, akasema, wataalamu waruhusiwe kueleza mahakamani jinsi maisha hayo yanavyomfanya mtu aone hatari na aone njia za kutoka. Na swali la kwa nini hakuondoka mapema, alilitoa katikati ya chumba cha mahakama. Swali ni kama usiku ule, kwa yale aliyoyapitia, imani yake kwamba angeuawa ilikuwa na msingi.

Uingereza walichukua muda mrefu zaidi. Kiranjit Ahluwalia, aliyeolewa na kuteswa miaka kumi, alikwishapata amri za mahakama za kumzuia mumewe mara mbili, na kipigo kikaendelea. Mwaka 1989 alimmwagia mafuta akiwa amelala na kumchoma, mwanamume akafa. Ninajua ninachosema: huu ni moto uleule uliomwua Rebecca, na kifo cha moto ni kifo kibaya kwa yeyote. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji. Mwaka 1992, baada ya wanawake wa kikundi cha Southall Black Sisters kumpigania, Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu hiyo, kesi ikarudiwa, na safari hii alikutwa na kosa la kuua bila kukusudia kwa sababu akili yake ilikuwa imeathirika kwa mateso. Akatoka, baada ya miaka mitatu na zaidi gerezani. Lakini Mahakama ya Rufani haikukubali kwamba alikasirishwa, kwa sababu ya neno lilelile, ghafla. Bunge la Uingereza liliondoa sharti hilo kwa sheria ya mwaka 2009, miaka 20 baada ya moto wa Kiranjit. Neno hilo sisi tulilirithi kutoka kwao wakati wa ukoloni. Wao wameshalitoa, sisi bado tunalo.

Najua kuna anayesema moyoni: basi unawafungulia wanawake njia ya kuua waume zao wakilala, kisha waseme walikuwa wanapigwa. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa. Mtu aliyekufa hawezi kujieleza, na si kila anayedai alipigwa anasema kweli. Ndiyo maana ninachokiomba ni ushahidi usikilizwe wote, wa miaka yote, usikatwe ukabaki wa dakika tano za mwisho. Jaji anayesikia historia nzima ana nafasi nzuri zaidi ya kumtambua mwongo kuliko jaji aliyefungiwa ndani ya dakika tano. Na kuua kunabaki kuua. Sitaki mwanamke yeyote anayenisikiliza sasa hivi aondoke na fikra kwamba kisu ni mlango wa kutokea. Si mlango. Hata Kiranjit, aliyeshinda, alilipa kwa miaka yake na kwa miaka ya watoto wake bila mama.

Msimamo wangu ni kwamba tumeuweka ulinzi mahali pasipo pake. Tumeuweka mwilini mwa anayepigwa, halafu mwili ukishindwa tunaulaumu, na ukishinda tunaufunga. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au jamaa zao wa karibu, kama 140 kwa siku, na Afrika ndiyo iliyobeba idadi kubwa kuliko bara lolote, 21,700. Hakuna shule ya karate inayotosha hapo.

Kenya ilipitisha mwaka 2015 sheria maalumu ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani. Inamruhusu anayeteswa, hata mtu mwingine kwa niaba yake, kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Inawahusu wanandoa, walioachana, wachumba na wanaoishi nyumba moja. Inampa polisi wajibu wa kumsaidia apate mahali salama. Rebecca alikufa sheria hiyo ikiwepo, miaka tisa baada ya kupitishwa, kwa hiyo siwezi kuiita kinga kamili. Lakini walau familia ya Kenya ina karatasi ya kudai na afisa wa kumwuliza kwa nini hakuitekeleza. Tanzania hatuna sheria ya namna hiyo inayosimama peke yake. Tuna kifungu cha 66 kisichoambatana na adhabu, tuna makosa ya shambulio katika Kanuni ya Adhabu, na tuna madawati ya jinsia yanayofanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Mtu aliyepigwa usiku wa Jumamosi anahitaji amri Jumapili, inayosema mpigaji ndiye atoke, asisogelee nyumba wala shule ya watoto. Kwetu anayetoka ni yule mwenye majeraha, na mtoto mgongoni.

Wabunge wetu wanaosikiliza kipindi hiki, hiyo ndiyo kazi ninayowapa: amri ya ulinzi yenye adhabu ikivunjwa, na kifungu cha 201 kitazamwe upya. Kifungu cha ubakaji nacho, kile kinachomtenga mke aliye ndani ya ndoa, kisiogopwe kwa sababu tu watu watapiga kelele.

Lakini sheria mpya itachukua miaka, na kuna nyumba ambayo kitu kitatokea wiki hii. Wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga, ukuta mmoja, choo kimoja. Tunasikia. Tunaongeza sauti ya redio. Kesho yake tunamwona na kanga imeshushwa usoni, tunasalimiana, "Habari za asubuhi," "Nzuri." Siku akifa, au siku akiua, upelelezi unaanza, na askari anakuta wapangaji sita ambao kila mmoja anasema hakuwepo. Hapo historia ya miaka minane inabaki kuwa maneno ya mtu mmoja.

Gonga mlango huo, ukiwa na mwenzako, usiende peke yako. Si lazima useme umekuja kuamua ugomvi. Omba chumvi, omba kiberiti, uliza kama mtoto wao anaumwa. Mpigaji akijua ukuta una masikio, mara nyingi anashusha mkono kwa usiku huo. Mwulize jirani yako akiwa peke yake kama anataka umtunzie cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, nakala ya PF3, na nauli. Usimshauri aondoke leo, kwa sababu umeshasikia hatari yake. Panga naye siku, njia na mtu wa kumpokea. Nesi, ukiandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameanguka, andika pia ulichokiona kwa macho yako, ukubwa wa jeraha na mahali lilipo, na kama ni mara ya tatu amekuja, andika ni ya tatu. Mwenyekiti wa mtaa, mama aliyekuja kwako akilia ana haki ya kuandikwa kwenye daftari lako, jina, tarehe na alichosema, kabla hujamwambia yamalizeni. Mzazi, binti yako akirudi, mwulize ameumia wapi na kama amekula.

Na wewe uliye ukuta wa pili, andika tarehe na saa ulizosikia, hata nyuma ya daftari la mtoto. Taarifa ya kosa la kushambulia si lazima ipelekwe na aliyeshambuliwa. Jirani naye anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto, akaeleza alichosikia na alichokiona. Akiitwa mahakamani, aende.